Mikroni 5 kwa Mfuniko wa Sufuria

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tuwasamehe. Hawakuishi zama hizi ambapo mhasibu wa mjini, asiyewahi kunyoosha hata msumari, anaagiza kerezo dogo la chuma kutoka China, linamfikia likiwa na uzito wa kilo 40 hivi, analiweka stoo karibu na gunia la mkaa, na tangu siku hiyo anajiita fundi. Mimi ni mmoja wa hao. Mwongozo huu nawaandikia wenzangu: walio na kerezo tayari, walioahidi nyumbani kwamba litatengeneza vitu, na ambao sasa wanatafuta sababu ya heshima ya kutotengeneza chochote kwa miezi kadhaa.

Sababu hiyo inaitwa kisomeo cha dijitali. Ni skrini yenye tarakimu zinazong'aa, iliyounganishwa na rula za kielektroniki zinazofungwa kwenye mashine. Ukizungusha usukani, rula inasoma slaidi imesogea kiasi gani, na skrini inakuonyesha. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wamekereza shafti na bushi miaka mingi bila kitu hicho. Jambo hilo lisikukatishe tamaa. Wao wana wateja. Sisi tuna nafasi.

Hatua ya 1: Kosana na usukani

Kila usukani wa kerezo una pete yenye mistari. Kwenye makerezo mengi madogo, mzunguko mmoja wa usukani wa slaidi inayoingiza kisu kwenye kazi ni milimita 1, na kila mstari ni vipande vichache vya mia vya milimita. Fundi husoma mistari, huhesabu mizunguko, na hukumbuka. Sisi simu ikilia tu, hatujui tena kama tulikuwa mzunguko wa tatu au wa nne.

Ili uwe na haki ya kununua kisomeo, lazima kwanza uwe na malalamiko. Lalamiko la kwanza ni mchezo. Nyuzi za skrubu na nati yake hazikabani sawasawa, kwa hiyo ukigeuza usukani kurudi ulikotoka, pete inatembea mistari kadhaa kabla kisu hakijashtuka. Dawa yake inajulikana: rudisha kisu nyuma kupita kiasi, kisha kilete mbele, na kila mara ufikie kipimo ukitokea upande uleule. Dawa hiyo ni ya bure, kwa hiyo haitufai.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Yapo makerezo ya aina hii yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yakiwa na skrubu ya milimita 1, lakini pete ikapigwa mistari 40, kila mstari ukijidai ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Milimita 1 ni sehemu 39.37 za elfu, si 40. Ukiingiza kisu inchi nzima kwa kuiamini pete hiyo, umepunjwa milimita 0.4. Hoja hii ni ya kweli kabisa, hata kama kerezo lako halina tatizo hilo. Itunze hadi siku risiti itakapoonekana.

Hatua ya 2: Chagua rula

Rula ziko za aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kukunyima usingizi.

Ya kwanza ni ile ya kalipa ya dijitali. Inapima kwa kuhisi mabadiliko ya chaji ya umeme kati ya kichwa kinachosoma na mistari ya shaba iliyofichwa chini ya stika, na inaonyesha hadi milimita 0.01. Ni rahisi, inatumia betri ndogo kama kidonge, na haipatani na maji wala mafuta, vitu viwili ambavyo kerezo huvitema siku nzima. Njia inayopendwa na wabana matumizi ni kununua kalipa nzima, kukata meno yake kwa grainda, kisha kuifunga kwenye mashine. Meno hayo ni ya chuma kilichotiwa ugumu ili yasilike, kwa hiyo cheche zitakuwa nyingi. Kalipa ilikuwa inapima vizuri kabla ya kuikata. Hilo usilifikirie sana.

Ya pili ni ya kioo. Ndani ya boksi la alumini kuna ukanda wa kioo uliochorwa mistari iliyoachana mikroni 20, na taa ndogo inayopenyeza mwanga hadi kwenye vihisi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Rula hii inasoma mikroni 5, na ukiongeza hela, mikroni 1. Unywele wa kichwani mwako una unene wa mikroni 70 hivi. Bado sijapata kazi iliyonitaka niugawe unywele mara 14, ila imenipa faraja kujua kwamba ningeweza.

Ya tatu ni ya sumaku: utepe mwembamba wenye ncha za kaskazini na kusini zilizopangwa kwa zamu, na kichwa kinachopita juu yake bila kuugusa. Haijali mafuta, na inaingia mahali pembamba. Kwa kerezo dogo ndiyo yenye akili zaidi. Mimi nilinunua ya kioo.

Hatua ya 3: Lifungue kerezo lililokuwa zima

Sasa pima mahali pa kuiweka rula. Utagundua kwamba hapapo. Ukiifunga kwenye slaidi upande wa kichwa cha nyuma, kichwa hicho hakitaweza tena kusogea karibu na kazi, na huenda ukazifunika skrubu za kuikazia slaidi. Ukiifunga upande wa chaki, ile yenye taya zinazoshika kazi, maranda ya chuma ya moto yataishukia kama mvua. Wataalamu wote wana maoni kuhusu upande ulio bora, na kila mmoja ameshajuta kwa upande wake.

Ukishachagua majuto yako, toboa matundu kwenye chuma cha kusubu cha mashine, kata nyuzi kwa tepu, kisha utengeneze vishikio vya kuibebea rula. Vishikio vizuri hutengenezwa kwa kerezo. Kerezo lako liko sakafuni, vipande vipande, juu ya magazeti.

Hapo ndipo nilipokwenda Gerezani na kipande changu cha pembe ya alumini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia una kerezo."

"Ninalo, mzee. Nimelifungua. Nalifungia skrini ya kupimia."

Mzee akakigeuza kile kipande mkononi. "Hiyo skrini inakata?"

"Haikati, mzee. Inapima."

"Maikromita huna?"

"Ninayo."

Hakusema neno tena. Akanitobolea matundu manne, akanitajia bei ya mtu mwenye skrini.

Hatua ya 4: Nyoosha, kisha nyoosha tena

Rula ya kioo inataka iwe sambamba na mwendo wa slaidi, juu na ubavuni, kwa tofauti isiyozidi milimita 0.1 hivi kutoka ncha hadi ncha. Funga dayali geji kwenye slaidi, iegemeze kwenye boksi la rula, sogeza, soma. Ncha moja imeinama. Weka washa. Sasa ya pili imeinuka. Kata shimu, kipande chembamba cha kuinulia, kutoka kwenye kopo la soda. Bati lake ni jembamba, linafaa mno. Kaza skrubu. Kwa kukaza, kila kitu kimehama.

Ukiwa mvivu, kuna habari njema na mbaya. Rula ikipinda digrii 1 nzima, katika milimita 100 utapotea milimita 0.015 tu. Hiyo ndiyo njema. Mbaya ni kwamba kichwa kinachosoma kitakuwa kinakwaruzana na rula kila ukisogeza, na siku moja kioo kitakukumbusha kwamba ni kioo.

Hatua ya 5: Waya

Gari la kerezo linatembea, kwa hiyo waya lazima ulegee vya kutosha kufika mwisho wa kitanda, lakini usilegee kiasi cha kuifikia chaki. Chaki inayozunguka haiachii ilichoshika. Funga waya kwa vibanio na uupitishe nyuma ya mashine, chini ya meza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe utainama, utapiga kichwa, na utasahau bisibisi hukohuko.

Kisha washa. Tarakimu zitatokea. Sogeza usukani huku na huku bila kukata chochote. Ita watu wa nyumbani waje waone. Watoto watauliza kama inaonyesha katuni.

Hatua ya 6: Iamini skrini, uone

Sasa kereza. Skrini inasema kisu kimeingia milimita 0.10, wewe unapima shafti na kukuta imepungua 0.20. Usiirudishe mashine dukani. Kisu kinakula upande mmoja, lakini shafti inazunguka, kwa hiyo kipenyo hupungua mara mbili ya mwendo wa kisu. Skrini nyingi zina kitufe cha kuchagua kusoma nusu kipenyo au kipenyo. Utakigundua kitufe hicho baada ya kuharibu shafti ya tatu.

Ukishakibonyeza, skrini itasema 20.000, na maikromita itasema 20.06. Hapo fundi mpya huilaani maikromita. Pole. Rula inajua slaidi iko wapi, basi. Haijui kwamba chuma kimejipinda kukikimbia kisu, kwamba kisu kimesukumwa, wala kwamba ncha yake imeisha. Mjerumani Ernst Abbe, aliyekuwa katika kampuni ya Zeiss kule Jena, alilieleza jambo la jamii hii mwaka 1890: kipimo kikae kwenye mstari uleule wa kitu kinachopimwa. Rula yetu imekaa ubavuni mwa slaidi. Kisu kiko juu, kwenye nguzo yake. Baina yao kuna skrubu, minofu ya chuma na matumaini.

Halafu kuna joto. Vipimo vya viwandani duniani vimekubaliwa visomwe kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Stoo yangu mwezi wa pili ina 32. Shafti ya chuma ya milimita 100 humo ndani imeshajiongezea karibu mikroni 14 bila kuguswa. Kioo nacho kimetanuka, ila si sawa na chuma. Alumini ni mbea zaidi: pande la kipenyo cha milimita 30 likipata moto wa kukatwa na kupanda nyuzi 30, linanenepa mikroni 20, kisha linapoa na kujifanya halijawahi kunenepa. Mikroni 5 zangu nilizolipia zilikuwa zinapotea kwa jua la saa nane mchana.

Hatua ya 7: Hatua moja isiyo na mzaha

Henry Maudslay, Mwingereza aliyelifikisha mbali kerezo la kukata nyuzi mwishoni mwa karne ya 18, alikuwa na maikromita ya mezani, ya takriban mwaka 1805, iliyoitwa Lord Chancellor. Jina hilo lilikuwa la jaji mkuu: mafundi wakibishana, kesi inapelekwa pale na hukumu haikatiwi rufaa. Fanya hivyohivyo stoo kwako. Skrini ni shahidi. Jaji ni maikromita.

Kata mara moja. Simamisha mashine, acha kazi ipoe, pima kwa maikromita. Namba uliyoisoma iingize kwenye skrini kama kipenyo cha sasa. Gawanya kilichobaki katika mikato miwili yenye kina kinacholingana, ili chuma kijipinde sawasawa katika yote miwili. Kata wa kwanza, pima tena, sahihisha skrini, malizia. Ukifuata utaratibu huo, kisomeo ni msaada mkubwa: hakuna kuhesabu mizunguko, mchezo wa skrubu hausumbui, na simu ikilia unaweza kupokea. Umeme ukikatika, mashine na skrini vitazima pamoja. Ukirudi, usiiamini sifuri yako ya zamani kabla ya kupima upya.

Utaratibu huohuo, ukiutumia na pete ya usukani, unafanya kazi pia. Nililijua hilo mwezi wa nne.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Ahadi ya kwanza ya kerezo langu nyumbani ilikuwa kishikizo cha mfuniko wa sufuria kilichovunjika tangu mwaka jana. Nilikikereza kwa alumini, kipenyo milimita 30, nikalifuata kila agizo la hatua ya 7. Kilitoka sahihi kiasi kwamba hata maikromita haikuwa na la kusema. Tundu la mfuniko, nilipolipima baadaye, halikuwa hata duara. Nikalilazimisha.

Jioni ile wali ulipokuwa ukikauka, mke wangu aliinua mfuniko, akauachia palepale. Alumini inapitisha joto vizuri sana. Tarakimu zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyokuwa imenieleza hilo.

Cha pili nimekikereza kwa kipande cha mninga, skrini ikiwa imezimwa, kwa jicho. Kilichukua dakika 20. Ndicho kilichopo juu ya sufuria hadi leo.