Namna ya Kuishi kwa Amani na Tangi Kuukuu

Mjini Loitokitok unaweza kuutazama mlima Kilimanjaro ukiwa umesimama kwenye foleni ya mitungi. Kukaa karibu na maji ni jambo moja, kuwa nayo jikoni ni jingine. Kutoka chemchemi ya Nolturesh, chini ya mlima huo, bomba kuu husafiri hadi Machakos na Kitengela. Safari hiyo ndefu ina wenyewe. Kipande cha mwisho, kutoka tangi lako hadi sufuria, ni chako wewe. Kama tangi lina umri wa mwanafunzi wa sekondari, fanya hivi.

1. Msalimie. Tangi kuukuu ni mzee wa ukoo: ukimjulia hali kila Jumamosi, atakuambia mapema panapomuuma. Wako watu wanaokumbuka kila bao la Arsenal tangu 2004 lakini hawajui valvu ya kufungia maji ya nyumba yao iko wapi. Itafute leo. Usiku bomba likipasuka, hakuna wa kumuuliza.

2. Mwonee huruma aliyembeba. Lita 1,000 ni tani nzima. Kagua mbao za jukwaa na kutu kwenye vyuma kabla hujajaza. Ukilipandisha tangi mita 10 juu ya mfereji, utapata presha ya bar 1 tu. Kwa hiyo shawa ikidondoka kwa unyonge, usimlaumu fundi kabla hujapima kimo.

3. Lijue boya. Likishushwa, maji yaingie, likiinuliwa, yakatike. Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye valvu mpaka isifunge. Ifungue, iloweke kwenye siki, isugue kwa mswaki mzee.

4. Mgao ukiisha, usiwe na pupa. Maji yakirudi baada ya siku nyingi, bomba hukohoa hewa, kisha hutema tope. Funga njia ya tangi, fungua mfereji wa chini uani, ngoja yatakate. Hayo ya kahawia yamwagie sukuma wiki.

5. Mwogeshe kila miezi sita. Jirani mmoja wa Kimana alilalamika kwamba chai yake ina harufu. Tulipofungua tangi, tope lilikuwa la vidole viwili, na juu yake mjusi amelala chali. Bomba la kufurikia halikuwa na wavu. Tulikomba tope kwa ufagio wa mpini mrefu, tukasuuza, tukajaza maji na kutia dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Tulifungua mifereji yote hadi harufu ya dawa ikafika, tukafunga, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tulimwaga yote na kusuuza tena. Usiingie ndani ya tangi ukiwa peke yako: humo hewa ni haba.

6. Tega ndoo. Weka ndoo chini ya mfereji unaovuja kabla ya kulala. Asubuhi ibebe mwenyewe hadi barabarani na kurudi. Mpira mpya wa mfereji, yaani washa, utaununua siku hiyo hiyo.

Ukimaliza, chemsha maji, yapoe, mimina glasi na uinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Glasi hiyo mpe mgeni. Mkono ukisita, rudi namba 5.