Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Bahari Ibaki Baharini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUIZUIA BAHARI ISIPANDE NYANDA ZA JUU KUSINI



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi na mkulima wa vinyungu, vile vishamba vya kando ya mto, mkazi wa Iringa, mji uliokaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kilomita 500 hivi kutoka Dar es Salaam. Naandika kwa niaba yangu, ya shemeji yangu anayelima mpunga Igurusi mkoani Mbeya, na ya wenzetu wote ambao hatukuwa na ugomvi wowote na bahari mpaka alipohamia shuleni kwetu mwalimu mpya wa sayansi.

Kabla yake elimu ya bahari ilikuwa inakwenda vizuri sana. Ikifika tarehe 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani, watoto walichora nyangumi kwa chaki ya buluu, wakaandika chini yake TUTUNZE BAHARI YETU, wakapigiwa makofi, wakarudi nyumbani kula ugali. Hakuna aliyeuliza itunzwe vipi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo. Kwenye mtihani walijibu kwamba maadui wa bahari ni uvuvi wa baruti, ukataji wa mikoko na mafuta yanayomwagwa na meli. Wazazi tuliridhika kabisa. Baruti hatuna, mikoko hatuna, na meli ya kwanza kutia nanga hapa kwetu Ipogolo bado tunaisubiri. Sijui elimu tamu kuliko ile inayomfundisha mtoto wa Iringa makosa ya watu wa Kilwa.

Mwalimu huyu amehitimu pale chuo cha Mkwawa, na inaonekana aliisoma mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, ile inayotaka mwanafunzi ajifunze kwa vitendo. Sisi tulidhani vitendo ni kumwagilia maua ya mbele ya ofisi ya mkuu wa shule. Yeye alikuja na chupa tupu, kamba yenye mafundo na kipande cha bati alichokipaka rangi nyeupe na nyeusi. Akalipeleka darasa zima mto Ruaha Mdogo. Bati linazamishwa taratibu. Likipotea machoni, watoto wanahesabu mafundo ya kamba na kuandika. Walipima kiangazi, wakarudia baada ya mvua za kwanza. Kwa mvua zile, Mheshimiwa, bati lilipotea kamba ikiwa bado haijalowa vizuri. Watoto wakauliza maji yamepatwa na nini. Akawajibu: hilo ni shamba la mtu.

Angeishia hapo tungemsamehe. Lakini watoto wakauliza shamba hilo linakwenda wapi, naye, badala ya kuwaambia kengele imegonga, akawachorea njia kwa kijiti mchangani: Ruaha Mdogo unashuka Pawaga, unaingia Ruaha Mkuu, unapita bwawa la Mtera, unapita la Kidatu, unajiunga na Rufiji, unaingia kwenye lile Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, kisha unateremka hadi delta, kwenye mikoko ya hekta zipatazo 53,000, na mbele yake ni kisiwa cha Mafia. Binti yangu alirudi nyumbani jioni hiyo akijua kwamba kinyungu cha baba yake kina bandari.

Nilijitetea, kama mzazi yeyote angefanya. Nikamwambia mwanangu, tope letu linaishia Mtera. Hapo ndipo nilipogundua ubaya wa elimu ya vitendo, kwa sababu mtoto alikuwa na jibu. Akasema ni kweli, baba, mabwawa hushika tope, na kila linaloshikwa linapunguza nafasi ya maji ya kuzalishia umeme. Lakini mbolea iliyoyeyuka haishikwi kirahisi hivyo, na delta yenyewe inalihitaji tope: mikoko hukaa juu ya udongo ulioletwa na mto, na udongo usipokuja, mawimbi hula ufuko. Nikamuuliza, sasa tope ni zuri au baya? Akasema likizidi linayafunika matumbawe na kuyakosesha mwanga. Likipungua, delta inamong'onyoka. Mheshimiwa, hii ndiyo sayansi ya kufundishia watoto? Sayansi ya zamani ilikuwa na jibu moja, tena lilikuwa limekolezwa wino kitabuni.

Kesho yake akaazima kamba ya mwalimu, akapima kutoka ukingo wa mto hadi tuta la kwanza la mboga zangu. Sipendi kuitaja namba aliyoipata. Itoshe kusema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60, na namba yake haikuhitaji kamba ndefu. Kwa miaka yote hiyo mimi na sheria hiyo tuliishi bila kusumbuana, na msimu wa kura ukifika sijaona mgombea huku kwetu asiyevipenda vinyungu. Leo nakaguliwa na mtu ambaye bado namnunulia viatu vya shule.

Shemeji yangu wa Igurusi hali yake ni mbaya zaidi, maana mambo ya bonde lao la Usangu yanajulikana hadi nje ya nchi. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu 1993 hukauka kiangazi, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Serikali ikawaondoa wafugaji kwenye ardhioevu ya Ihefu mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa hifadhini. Ng'ombe wakaondoka, mto ukaendelea kukauka, jambo ambalo kwa mtu mzima halina tatizo lolote: unalaumu ukame. Mtoto aliyefundishwa kupima ataukuta mfereji wa shemeji ukimwaga maji kwenye jaruba lililokwisha kuvunwa, ataweka chupa, atahesabu sekunde, na atauliza maji haya mwezi wa kumi yangekuwa wapi kama yasingekuwa hapa. (Hata timu ya mpira ya Ihefu iliona mbali. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kubadili jina.)

Tulijaribu kutafuta faraja upande wa pili wa Mbeya. Shemeji akasema si maji yote ya mkoa yanayokwenda Rufiji, na ni kweli. Kiwira, ule unaopita chini ya Daraja la Mungu kule Rungwe, unaingia Ziwa Nyasa pale Kyela. Tukashangilia. Mwalimu akasema Nyasa linatoka kwa mto Shire, Shire unaingia Zambezi, na Zambezi unamwaga Bahari ya Hindi, Msumbiji. Kumbe Rungwe ina bandari ya nje ya nchi. Tukakimbilia Chunya, ambako maji huenda Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea. Hapo tulikuwa tumeshinda, mpaka aliposema kwamba zebaki inayotumika kukamatia dhahabu Chunya nayo haina mlango wa kutokea.

Kinachonishangaza, Mheshimiwa, ni kwamba Serikali yenyewe inajua yote haya. Nchi ina mabonde ya maji 9. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko hapa Iringa. Ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Mabonde 3 kati ya 9 yanasimamiwa na watu wanaovaa makoti mazito. Maana yake wakubwa wametambua zamani kwamba bahari inaanzia huku juu. Busara yenu ilikuwa kutowaambia watoto. Wizara ya Maji ikashika mito, ya uvuvi ikashika samaki, ya nishati ikashika mabwawa, na yenu ikashika nyangumi wa chaki. Mpangilio huu ulikuwa mzuri kwa sababu tope likifika Mafia, kila mmoja anaonyesha mipaka yake.

Nikumbushe pia kwamba mkoa huu una historia ya kujifunza kwa wakati unaofaa, yaani baadaye. Chura wa Kihansi, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, aligunduliwa mwaka 1996 wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu yake. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani kuokolewa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Walirudishwa porini kuanzia 2012, wakiwa na uzoefu wa kimataifa. Maji ya Kihansi nayo huenda Kilombero, na Kilombero huenda Rufiji. Sina la kuongeza, ila kwamba chura wa kwetu amefika New York na watoto wa kwetu hawajafikishwa hata Kibiti, kwenye delta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, nyangumi wa chaki ya buluu arudishwe mara moja. Kama Wizara inaona vitendo ni lazima, basi vifanyike baharini kwenyewe, na nauli walipe wazazi. Kwa njia hiyo nakuhakikishia hakuna mtoto wa Mufindi wala wa Mbarali atakayepima chochote. Na likitajwa neno uchumi wa buluu, ielezwe wazi kwamba ni la wenzetu wa pwani, nasi tutaendelea na uchumi wa rangi yetu, ambao kila masika unaonekana vizuri kabisa ukipita chini ya daraja.

La mwisho ni la dharura. Mwalimu ameanza kuwasiliana na shule moja ya Nyamisati, kule watu wanakopandia boti za Mafia. Wanafunzi wetu watatuma chupa za maji ya Ruaha Mdogo kwa basi. Wale watarudisha tope la mikokoni na daftari la kambamiti wanaowavua wazazi wao, mwezi kwa mwezi. Eti waweke namba za pande mbili kwenye grafu moja, waone kama zinaelewana. Kila chupa ina karatasi ya tarehe, kina bati lilipopotelea, na jina la kijiji. Jina la kijiji, Mheshimiwa. Mpaka leo uchafuzi wa bahari ulikuwa unafanywa na binadamu. Sasa utakuwa unafanywa na sisi.

Chupa za kwanza zinaondoka wiki ijayo. Naomba majibu kabla basi halijapita mteremko wa Kitonga.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na Mkulima wa Vinyungu,
Iringa.

Nakala: Shemeji, Igurusi – asome, kisha afunge mfereji siku moja tu, ya ukaguzi.
Nakala: Mto Ruaha Mkuu – iwasilishwe mapema, kuanzia Septemba hapatikani.