Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Bima: Naomba Simu Isajiliwe Kuwa Wakala

Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUISAJILI SIMU KUWA WAKALA WA BIMA, SONGEA

Ndugu Kamishna,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwanza pongezi. Soko la bima la Bara, ambalo hadi Sheria ya Bima ya 1996 lilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, leo limefika mahali ambapo mwenye gari wa Lizaboni, hapa Songea, anakata bima akiwa bado kitandani, na stika ya kielektroniki inasomeka kwenye mfumo wenu kabla hajavaa viatu. Benki nazo, tangu mwongozo wa 2019 uziruhusu kuwa mawakala, zinauza bima jirani na dirisha la mikopo. Aliyebaki akisumbua ni wakala wa kawaida, yule mwenye meza, mhuri na kiti cha plastiki, anayedai eti naye ana kazi. Naunga mkono aondoke. Ombi langu ni dogo: simu inayochukua kiti chake ichukue na kazi yake.

Kazi yenyewe ni ipi? Si kuuza. Bima ya mtu wa tatu kwa gari dogo la binafsi ina kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kabla ya VAT. Ukilipa kwa simu kiwango ni hicho, ukilipa mezani ni hicho hicho. Mteja aliyeambiwa kwamba kumwondoa mtu wa kati kunapunguza gharama atafute punguzo lake kwenye risiti, na akilipata atujulishe. Benki inayouza bima nayo hulipwa kamisheni. Fedha imehama mfuko tu. Kazi inaanza siku gari linapomgonga mwendesha bodaboda barabara ya Namtumbo. Hapo zinatakiwa ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, PF3 ya majeruhi, makadirio ya gereji na barua ya madai, kisha kuifuatilia ofisi kuu iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Kwenye simu kitufe cha kulipa kipo, tena kikubwa na cha rangi nzuri. Cha kwenda kukaa kwenye benchi la trafiki hadi mpelelezi arudi bado hakijatengenezwa.

Mtanijibu kwamba mawakala walituuzia stika bandia na wengine walikula fedha za wateja. Ni kweli, na walioumia hawajasahau. Lakini ugonjwa huo mmeutibu wenyewe: stika ikihakikiwa kwenye mfumo, ujanja unakosa pa kujificha, hata kama muuzaji amekaa kwenye kiti cha plastiki. Wapo pia mawakala wanaopotea mara tu wakishauza. Hao wafutwe kwenye daftari, sitawatetea. Hoja nzito zaidi ni kwamba simu inafika kijiji ambacho wakala hajawahi kukanyaga. Hii naiheshimu, ila Serikali imeshaijibu kwa vitendo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa na kuenezwa nchini kuanzia 2018, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uandikishaji ulitolewa zahanati ukapelekwa vijijini. Simu janja ilikuwepo, ndiyo, lakini mkononi mwa mwandikishaji anayelipwa kamisheni, mkazi ambaye dawa zikikosekana zahanati atagongewa mlango na kuulizwa ametuuzia nini. Ni kero kwake, lakini huo ndio usimamizi wa bima wa bei nafuu kuliko wote nchini, wala haulipwi posho. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kila kaya, mama wa Tunduru ambaye kadi yake imekataliwa dirishani atahitaji mtu wa kumuuliza swali hilo hilo.

Kwa hiyo, Ndugu Kamishna, simu ipewe heshima kamili ya wakala. Ipitie mafunzo, isajiliwe, ilipie leseni, na mteja wake akipata ajali iitwe polisi kama anavyoitwa mwenzake. Sehemu ya kamisheni ishikiliwe hadi mkataba uishe, na dai likitokea alipwe yule aliyelihangaikia. Simu ikishindwa, fungu hilo liende kwa wakala wa mezani aliyeombwa msaada na mteja ambaye hakumuuzia yeye. Kampuni zitasema utaratibu huo ni mgumu kuuweka kwenye mfumo. Mfumo unaoweza kukata kamisheni kwa sekunde moja hauwezi kushindwa kuichelewesha.

Jambo moja tu linanikwamisha katika kuijazia simu fomu ya maombi. Pana nafasi ya anwani ya ofisi, mahali ambapo mteja mwenye malalamiko atamkuta wakala saa za kazi. Naomba mwongozo wako, niandike nini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Songea.