Jinsi ya Kulivua Gari Nguo Bila Kumuudhi Mkaguzi

Kwa kuanzia, tafuta gari ambalo hutalililia: Starlet iliyochoka, Impreza iliyopitia wamiliki wengi kuliko milango yake, au ile Probox ambayo mjomba anaamini ipo gereji inabadilishwa oili. Jiandikishe kwa mashindano ya mbio za magari katika nyanda za Konza, kule reli ya Magadi inakochepuka kutoka ile ya Mombasa. Kisha, kabla hujasoma kanuni hata ukurasa mmoja, shika spana.

Ng'oa viti vya nyuma. Ng'oa mazulia, kifuniko cha buti, redio, na kijidroo alichokuwa akiwekea risiti za petroli mwenye gari wa kwanza huko Japani. Chini ya zulia utakuta lami ya kuzuia kelele. Ulaya huigandisha kwa barafu kavu mpaka ipasuke. Wewe una jua la Machakos: egesha gari uwanjani hadi saa nane mchana, lami ilainike, uikwangue kwa patasi huku ukijipongeza kwa kila gramu. Usijipime mwenyewe wala navigeta wako, yule anayekaa kando yako akikusomea kona. Nyama choma haihesabiki kuwa sehemu ya gari.

Sasa waweza kusoma. Kanuni nyingi za mchezo huu zimezaliwa na Kiambatisho J cha FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na msingi wake ni mmoja: badiliko lolote ambalo halikuruhusiwa waziwazi limekatazwa. Chipukizi huupindua msingi huo kwa ustadi mkubwa. Yeye huona kwamba kama hakuna aliyetaja kishikio cha darini kwa jina, basi wakubwa wamekubali king'olewe. Ukimya kwake ni kibali. (Mtu huyo huyo, akiwa mwenye nyumba za kupangisha, hukubali kwamba mpangaji ana ruhusa ya lile tu lililoandikwa mkatabani.)

Mkaguzi akikuuliza, uwe na jibu tayari. Lenye heshima kuliko yote ni hili: "Mkubwa, gari lilishuka melini Mombasa likiwa hivi hivi." Halina ushahidi wa kulipinga wala wa kulithibitisha. Akichungulia zaidi, sema kuna wenzako waliopita mwaka jana na gari kama hilo, lakini usiwataje, maana huenda wako nyuma yako kwenye foleni wakisema hivyo hivyo kukuhusu wewe.

Mlango ndio mtihani wenyewe. Katika Kundi N na Kundi A, mawili kati ya makundi ya magari ya mashindano, kipambo cha ndani ya mlango kinaweza kubadilishwa kwa bamba la chuma lisilopungua milimita 0.5, kaboni ya milimita 1, au kitu kigumu kisichoshika moto cha milimita 2. Wewe utakimbilia mabati ya geji 30 yaliyobaki ulipoezeka banda la kuku. Ni membamba mno, na mkaguzi ana kipimo mfukoni. Mlango ulioachwa wazi kabisa, nyaya na vyuma vikining'inia karibu na kiwiko cha navigeta, ndio usithubutu kabisa kumpelekea.

Hapa niweke mzaha kando kidogo. Katika gari la saluni, nyuma ya viti ulivyoving'oa kuna buti, na kuelekea huko kuna tangi la petroli. Kama hakuna ukuta usiopitisha moto wala mafuta kati ya tangi na migongo yenu, hamjapunguza uzito, mmeondoa kinga. Na vile vizibo vya mpira kwenye sakafu, ambavyo havifikii uzito wa andazi, viache mahali pake. Ukivitoa, vumbi la Konza litaingia na kuketi kati yenu, na navigeta atakusomea kona ambazo hazioni.

Kama bado unaamini wembamba ndio ushindi, kumbuka kwamba Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 ya mtumba, iliyokwisha kutumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Wapo watakaokujibu kwa Patrick Njiru, aliyeendesha Subaru Vivio ya sisi 660 katika Safari ya 1993. Lakini Vivio ilizaliwa nyembamba. Haikukonda kwa patasi.

Tuseme umefaulu: gari limebaki bati, usukani na matumaini. Ndipo utakapogundua jedwali la uzito wa chini, linalopangwa kwa ukubwa wa injini. Gari lako halifiki. Katika makundi yanayoruhusu nyongeza ya uzito, itakubidi ufunge sakafuni kipande kizima cha chuma, kwa boliti, mahali panapoonekana, mkaguzi akitie muhuri. Fundi atadai pesa ya kung'oa, na sasa pesa ya kufunga. Ukitaka kujua pengo ni kilo ngapi, njiani kutoka Nairobi kuna mizani ya malori pale Athi River. Simama kwenye foleni. Madereva wote mbele yako watakuwa wanaomba wasomewe kilo chache, na wewe, mtu wa kwanza wa aina yako, utasogea dirishani kuomba uongezewe.