Shuka la Kunguru

Hapo kale, kale ya juzi tu, wazee wa kijiji cha Wanyama walitangaza ushuru mpya wa malisho. Vijana wakakataa. Sungura, Digidigi na Swala, mikononi chupa za maji tu, waliandamana hadi barazani, wakaruka ua, wakaonja chakula cha wazee, na mmoja wao akatoka mbio na siwa. Mbwa wa zamu wakafyatua mishale. Kesho yake mzee mkuu aliufuta ushuru. Waliozikwa hawakufutika.

Yangeishia hapo, kama si Kunguru. Alipita mti hadi mti akiwauliza ndege waliokuwapo, akakusanya picha zaidi ya 5,000. Akazipanga dakika kwa dakika, akatundika shuka jeupe, akaonyesha: upinde huu, mkono huu, uso huu.

Kijijini hapakukalika. Mama za marehemu walishukuru. Nyumbu wa baraza akafoka, "Kunguru huyu wa ng'ambo katumwa kutugombanisha. Afukuzwe!" Fisi, msemaji wa wazee, akaongeza kwamba shuka lenyewe limeegemea upande mmoja.

"Mheshimiwa," Kobe akauliza, "kwani mishale ilitoka pande ngapi?"

Fisi akajibu kwamba hilo limo kwenye uchunguzi. Uchunguzi wa kijiji hiki ni kama pango la Simba mgonjwa: nyayo za kuingia tele, za kutoka hazipo.

Aliyenitatiza mimi ni Bi Kuku. Kibanda chake cha mchele kilivunjwa siku ileile, mtaji wote ukaenda. "Mbona mimi simo kwenye shuka lenu?" aliuliza, na swali lake lilikuwa halali. Vijana, badala ya kumpa pole, walimwita kibaraka. Wazee nao, ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani kwake, wakampenda ghafla. Kila Jumapili walimpandisha jukwaani asimulie mchele wake, kisha wakamrudisha nyumbani bila hata punje.

Onyesho la ukumbini likafutwa. Wenye ukumbi walinong'onezwa jambo. Halafu Mbwa wakakamata ndege wanne wenye kipaji cha kuchora, ambao hawakushika hata pindo la shuka lile. Hati ya mashtaka, kama ingeandikwa, ingesema tu kwamba wana mabawa. Mwenye upinde alikuwa zamuni kama kawaida.

Kwa msomaji asiyependa mafumbo: vijana waliingia Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024, na waandamanaji wakapigwa risasi. BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament kuhusu siku hiyo tarehe 28 Aprili 2025, na onyesho lake la hadhara Nairobi likafutwa. Siku chache baadaye polisi walikamata watengenezaji filamu wanne, wakawaachilia kesho yake. BBC ilisema hakuna hata mmoja wao aliyeshiriki kuitengeneza.