Tarakimu Moja Tu: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Nakala: Google, Mountain View, Transsion, Shenzhen.

KUH: OMBI LA RUHUSA YA KUAHIRISHA KITU AMBACHO HAKIJAFIKA

Wenye simu wa Kisumu na ufuo mzima wa ziwa, kutoka Usenge hadi Muhuru Bay, wanaisalimu Mamlaka kwa taadhima inayostahili taasisi iliyotaka kuijua kila simu inayoingia nchini kwa nambari yake. Wanaomba radhi kwa kutumia karatasi. Barua pepe ingefika upesi zaidi, lakini baadhi ya simu zilizokusudiwa kuituma zimejaa memori, na zilizobaki zinauliza kama zisakinishe sasisho usiku wa leo au zikumbushe kesho.

Swali lenyewe ndilo hilo. Google hutoa toleo jipya la Android kila mwaka: la 15 lilianza kufika kwenye simu Oktoba 2024, na la 16 likaja mapema kuliko desturi, Juni 2025. Kila linapotoka, magwiji wa teknolojia wa ng'ambo huanza ubishi uleule. Je, mtu alipokee siku ya kwanza, au asubiri wiki kadhaa wengine waumie kwanza? Ni ubishi mzuri, wenye hoja pande zote mbili. Pale sokoni Kibuye, Kisumu, hata hivyo, husikilizwa kama ubishi wa mahali pa kuegesha helikopta. Tecno, Infinix na itel, simu zinazojaza vibanda, ni ndugu watatu wa kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, na zile za bei ya chini hupata toleo kubwa moja jipya maishani mwao, au hazipati kabisa. Mnunuzi hana la kuahirisha. Kiwanda kimekwisha kumwahirishia, tena bila tarehe.

Mamlaka italielewa jambo hili haraka, kwa kuwa kuahirisha inakujua vizuri. Ilipotaka kila laini isajiliwe upya, siku ya mwisho ilikuwa 15 Aprili 2022. Foleni ziliporefuka, siku hiyo ya mwisho ikasogea miezi sita, hadi 15 Oktoba. Hakuna aliyeiita Mamlaka mzembe anayehatarisha usalama wake mwenyewe. Kuzima nako inakujua. Mtangulizi wake, Tume ya Mawasiliano, alizima simu bandia zaidi ya milioni moja Oktoba 2012. Februari 2015 ikawa zamu ya Kisumu kuhama kutoka televisheni ya analojia kwenda ya dijitali, na mwezi huohuo Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu kwa kuwa wenye vituo na Mamlaka hawakuelewana. Familia zikabaki zinatazama king'amuzi kipya kisicho na cha kung'amua. Lilikuwa sasisho kubwa kuliko yote ambayo nyumba nyingi za ufuoni zimewahi kupokea, na hakuna aliyeulizwa kama angependa kukumbushwa kesho.

Lakini kazi nadhifu kuliko zote ilipangiwa 1 Januari 2025. Kwa tangazo la Oktoba 2024, Mamlaka ilieleza kwamba kuanzia siku hiyo simu zinazoingia nchini zitambuliwe kwa nambari zao za IMEI, ili ijulikane kama kodi imelipwa. IMEI ina tarakimu 15. Serikali ilizitaka zote 15, kwa mpangilio wake. Siku hiyohiyo, bila kushauriana na Waiyaki Way, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, ile KitKat ya mwaka 2013. Kwa mipango hiyo, mwaka ungeanza kwa simu kutafutwa na serikali upande mmoja na kukanwa na WhatsApp upande wa pili.

Ufuoni hilo si suala la kukosa picha za harusi. Bei ya mbuta huulizwa kwa WhatsApp. Picha ya omena iliyokauka vizuri hutangulia kwa mnunuzi kabla gunia halijapanda matatu. Utabiri wa upepo na mawimbi ambao Idara ya Hali ya Hewa huwatolea wavuvi hupita redioni, na hupita pia kwenye vikundi vya WhatsApp. Mwenye KitKat hakuwahi kukataa sasisho. Hakuletewa.

Wapo wenye bahati, ambao kitufe huwatokea kweli. Hao nao wanaomba wasiitwe washamba wanapobonyeza "baadaye". Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1, kisha ikaiondoa baada ya saa moja hivi kwa sababu iPhone 6 zilizoipokea zilikuwa zikipoteza mtandao. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5, kosa likiwa kuwasukuma wateja wapokee masasisho yaliyozilemaza simu zao. Wenye Galaxy Note 4 walikuwa wameletewa programu iliyotayarishwa kwa ajili ya Note 7. Machi 2021 sasisho la kijisehemu kimoja cha Android, WebView, liliangusha Gmail na programu nyingine duniani kote. Oktoba 2024 sasisho la programu ya Samsung lilizifanya baadhi ya Galaxy S10 ziwake, zizime, ziwake tena bila kufika popote. Januari 2025 Google yenyewe ilipeleka kwenye Pixel 4a sasisho lililojisakinisha bila kubisha hodi na kupunguza uwezo wa betri, kisha ikawaahidi walioathirika betri mpya au dola 50. Ahadi hiyo haina mlango wa kugonga pale Kondele.

Anayesubiri mwezi mmoja, basi, si mwoga. Amesoma historia.

Kisha kuna huo ushauri wa kusakinisha usiku. Sasisho kubwa huweza kuzidi gigabaiti moja, na ujumbe wake humtaka mtu aunganishe Wi-Fi, achomeke chaja, alale. Uliandikwa na mtu anayelala penye stima. Usiku wa 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia gizani, na Kisumu haihitaji janga la taifa zima ili kukatikiwa. Kuhusu Wi-Fi, Google haiwezi kudai kwamba haijui hali ya huku, maana kampuni mama yake, Alphabet, ilikuja kuiangalia kutoka angani. Julai 2020 baluni za Loon, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, zilianza kumwaga intaneti juu ya magharibi mwa nchi, Kisumu ikiwamo. Kufikia Machi 2021 huduma ilikuwa imekwisha. Wenye simu wakarudi kwenye bando la saa moja, na bando la saa moja halijawahi kupatana na sasisho la gigabaiti mbili.

Memori ndiyo hukata maneno. Simu ya gigabaiti 16, ikishahifadhi mfumo wake yenyewe, humtaka mwenye simu achague kati ya toleo jipya na video ya mazishi ya babake. Mamlaka inajua mazishi yalivyo katika ukanda huu. Video haifutwi.

Jambo linakuwa zito zaidi linapofika kwa wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa wahudumu 100,000 nchini. Simu zao hubeba eCHIS, mfumo wa kuandikisha kaya, wajawazito na watoto wagonjwa, na Kisumu ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuutumia. Mfumo huo ulisukwa kwa busara: hufanya kazi bila mtandao, hivyo mhudumu wa Nyakach huandika taarifa nyumbani kwa mgonjwa na kuzituma akifika penye mawimbi. Ila ndani yake hutegemea WebView, kilekile kijisehemu cha Machi 2021. Sasa mhudumu huyo anaona tangazo la toleo jipya Jumatatu asubuhi, kaya zinamsubiri. Nani wa kumwambia abonyeze au aache? Google haimjui. Kiwanda kimeshauza. Ataamua mwenyewe, kwa kidole gumba, jambo ambalo katika benki huamuliwa na idara nzima baada ya majaribio.

Hapa barua inalazimika kusema neno ambalo baadhi ya wenye simu hawatalifurahia. Kuahirisha kuna aina mbili, na moja ni upumbavu. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro ya Android iliyopewa jina la Stagefright: ujumbe wa video ungeweza kumfungulia mvamizi simu hata kabla mwenyewe hajautazama. Ndipo Google ikaanza, Agosti mwaka huo, kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa; kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi, na waliokiweka kiporo ndio waliolia. Zilikuwa kompyuta, si simu, lakini wezi hawabagui. Anayekataa kiraka cha usalama kwenye simu yenye programu ya M-Pesa amewaachia mlango. (Mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, anacheka hapa, na ana haki: M-Pesa yake iko kwenye laini, haijawahi kumwomba memori.) Toleo kubwa lisubiri mwezi, hata miwili. Kiraka kiingie wiki hiyohiyo.

Ushauri huo ni mwepesi kuutoa na mgumu kuufuata, kwa sababu simu hutumia kengele ileile, na maneno karibu yaleyale, kutangaza vyote viwili. Kikaragosi kipya cha kucheka na tundu la wizi lililozibwa hupokewa kwa kitufe kimoja.

Watasema mwananchi wa kawaida hawezi kuelezwa mambo haya. Ni uongo, na shahidi ni Kenya Power, kampuni isiyozoea kutolewa mfano mwema. Mita za tokeni huhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingeikuta siku hiyo bila kusasishwa ingekataa tokeni zote mpya. Kampuni ikaanzisha kampeni, ikaiita Update Token Meter Yako, ikataja tarehe, ikaeleza sababu, ikawapa wateja nambari tatu za tarakimu 20 kila moja: mbili za kubadilisha ufunguo wa mita na ya tatu ya umeme wenyewe. Akina mama wa Manyatta na Nyalenda wakapanda viti, miwani puani, wakabonyeza tarakimu 60 mojamoja. Hawakuhitaji mhandisi. Walihitaji kuambiwa ni nini, ni lini na kwa nini.

Mamlaka haiombwi tarakimu 60, wala 15. Inaombwa moja.

Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka masasisho ya mfumo wa simu yaendelee kupatikana kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na Google iliahidi saba kwa Pixel 8 mwaka mmoja kabla yake. Kumbe idadi hiyo hujulikana mapema, na viwanda huitamka bila kigugumizi mteja anapokuwa Paris. Kinachokosekana ni mtu wa kuiuliza kwa niaba ya Kibuye, na mtu huyo yupo: simu haitakiwi kuuzwa Kenya kabla ya aina yake kuidhinishwa na Mamlaka. Idhini hiyo hupima mawimbi, usalama wa kifaa na uwezo wake wa kuelewana na mitandao ya nchi. Kwenye fomu yake liongezwe swali moja. Simu hii itapata viraka vya usalama kwa miaka mingapi?

Jibu lichapishwe kwenye kisanduku, hata likiwa sifuri. Sifuri ni jibu la haki. Mnunuzi ataliona, ataujua umri wa anachokinunua kwa shilingi elfu kumi, na atateremsha bei mbele ya muuzaji. Viwanda navyo vitakiwe kutenganisha tangazo la kiraka na tangazo la toleo jipya, na kutaja ukubwa wa kila sasisho kabla bando halijaanza kuliwa. Simu za wahudumu wa afya ziwe na ofisi moja, kaunti au wizarani, inayojaribu kila toleo kwanza na kuwaambia lini wabonyeze.

Utekelezaji uanze 1 Januari yoyote itakayoipendeza Mamlaka. Mzigo ukionekana mzito, wenye simu hawatapinga ikijiongezea miezi sita. Mahali pa kuchapa tarakimu hiyo pako tayari: ubavuni mwa kisanduku, chini ya kibandiko cha IMEI.

Ni wao,
Wenye simu wa Kisumu.