Ndoo ya Shemeji

Kisima chetu cha Msimbati kina maji baridi, hayana chumvi, na majirani huyasifu. Lakini mchanga wa pwani hii haushiki naitreti. Zinazotoka kwenye vyoo vya shimo zinapenya mpaka kisimani. Bwana afya alichovya kijikaratasi cha kupimia, kikageuka waridi iliyokolea. "Mama, mtoto wa chupa asipewe haya."

Mwanangu alikuwa na miezi miwili, na maziwa yangu yalikuwa haba. Kwa kichanga wa umri huo naitreti hugeuka naitraiti, damu ikashindwa kubeba oksijeni, midomo ikawa ya buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Mama mkwe akasema tuchemshe. Kuchemsha huua vijidudu, ila naitreti haziondoki na mvuke: maji yakipungua sufuriani, zenyewe hukolea.

Shemeji, fundi wa kuchomelea, alishasikia kuwa chuma husafisha maji. Ni kweli, chujio la Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, lililotuzwa Marekani mwaka 2007, hutumia chuma kunasa aseniki. Basi akaleta kiroba cha chenga za chuma kutoka kwa wachonga vyuma wa Mtwara mjini, akazitoa mafuta kwa sabuni, akazipanga kwenye ndoo iliyotobolewa: kokoto chini, mchanga, chenga, mchanga tena.

Kijikaratasi kikafifia! Nyumba nzima tukashangilia, mpaka wifi alipoinusa kata. "Kaka, mbona yananuka mkojo?"

Ilikuwa amonia. Chuma kikila kutu hutoa elektroni. Naitreti ikizipokea, sehemu kubwa huishia kuwa amonia. Naitrojeni ilikuwa imo mle mle ndooni, kwa sura nyingine, na maji hayo sikumpa mtoto.

Shemeji hakukata tamaa, ila ndoo ikaanza kudondosha tone kwa tone, kisha ikaziba kabisa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Alipoipindua na kuigonga kwa nyundo, likatoka jiwe moja jekundu lenye umbo la ndoo, mchanga na chenga vimeshikana kama zege.

Siku hizi maziwa ya mtoto nayakoroga kwa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati baada ya manyunyu ya kwanza kuliosha vumbi, na kuchemshwa. Ya kisima tunafulia. Mvua zikikatika tutanunua ya madumu kutoka mjini. Shemeji anachimba choo kipya chini ya mteremko, mbali na kisima, na mama mkwe amewafuata majirani wa upande wa juu kuzungumza nao kuhusu vyao.